Mume wangu asema Krismasi ni ibada ya jua, na mama mkwe anatungoja Newala

Shikamoo mzee,

Mimi ni mama wa watoto wawili, ninaishi Masasi mjini pamoja na mume wangu, ambaye ni fundi seremala. Nilibatizwa na kupata kipaimara katika Kanisa la Anglikana, na tangu nikiwa msichana ninaimba kwaya. Mume wangu naye alilelewa katika kanisa hilohilo, kijijini kwao wilaya ya Newala, ambako mama yake mjane bado anaishi na kuhudumia mikorosho yake.

Miaka michache iliyopita mume wangu alianza kusali na kikundi kidogo kinachokutana nyumbani kwa mtu. Sikuwa na neno, kwa sababu tangu hapo aliacha pombe za uraka na nipa, akawa mtu wa kukaa na watoto jioni na kuwasomea Biblia. Shida ilianza alipofundishwa kwamba Krismasi na Pasaka ni sikukuu za kipagani. Anasema tarehe 25 Desemba ilikuwa siku ya kuzaliwa mungu jua wa Warumi, Pasaka ilitoka kwa mungu mke wa Babeli, na mti wa Krismasi umekatazwa katika Yeremia sura ya 10. Ana video nyingi kwenye simu yake zinazosema hivyo, na hunionyesha.

Mwaka jana hatukwenda Newala. Mama mkwe alikuwa ametunza jogoo kwa ajili ya wajukuu wake, na alipopiga simu kuuliza tutafika saa ngapi, mume wangu alimjibu kwamba hawezi kula chakula kilichotolewa kwa sanamu. Mama alilia kwenye simu, nami nilikuwa nimekaa karibu nikisikia.

Mwaka huu amesema watoto wasishonewe nguo na mimi nisiimbe usiku wa mkesha, kwa kuwa kuimba kwangu siku hiyo ni sawa na kumwaga unga chini ya mti kwa ajili ya mizimu kama walivyofanya babu zetu. Ameongeza kwamba mtu aliyeelezwa ukweli huu na bado akasherehekea hajaokoka.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba moyo wangu mwenyewe umeanza kuyumba. Nikifanya mazoezi ya kwaya ninajiuliza kama ninamwimbia Bwana au ninaliimbia jua. Nikiacha, ninahisi nimelikana kanisa lililonilea. Nikienda, ninaonekana nimemdharau mume aliyebadilika kuwa mtu mwema. Padri wetu aliniambia niyapuuze maneno hayo, lakini siwezi kupuuza jambo linalosemwa nyumbani mwangu kila siku. Je, anayosema ni kweli? Na mimi nifanye nini Desemba hii?

Mama wa Wawili,
Masasi

*

Marahaba, mwanangu.

Umeandika kwa utulivu ambao watu wengi walio katikati ya ugomvi wa nyumbani hawanao. Nasikitika kwamba padri wako alikuambia upuuze, kwa maana mumeo ametaja tarehe, majina na maandiko, na mtu aliyetaja vitu hivyo anastahili kujibiwa kwa vitu hivyohivyo.

Kuhusu Krismasi, mumeo hakuzua kila kitu. Injili hazitaji siku wala mwezi aliozaliwa Yesu. Kaisari Aurelian alizindua hekalu la mungu jua mjini Rumi mwaka 274, na kalenda ya Kirumi iliyomo katika mkusanyiko wa maandishi wa mwaka 354 inaonyesha kwamba tarehe 25 Desemba palikuwa na mashindano ya magari ya farasi kwa heshima ya kuzaliwa kwake yule aliyeitwa Asiyeshindwa, ambaye kwa kawaida hutambuliwa kuwa ndiye mungu huyo. Ni katika mkusanyiko huohuo wa mwaka 354 ndimo tunamokuta pia ushahidi wa mapema ulio wazi wa Wakristo wa Rumi kuihesabu siku hiyo kuwa ya kuzaliwa Kristo, katika orodha ambayo inaaminika iliandaliwa kwanza mwaka 336. Basi sherehe mbili zinaonekana kwa pamoja, katika mji mmoja, na wanahistoria hadi leo wanabishana ni ipi iliyoifuata nyingine.

Video za simuni kwa kawaida huishia hapo, wakati habari haijaishia hapo. Wakristo wa kale walikuwa na hesabu yao wenyewe. Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba iliaminika Kristo alichukuliwa mimba tarehe 25 Machi, siku ileile ambayo pia waliamini aliteswa. Na ukihesabu miezi tisa kutoka 25 Machi unafika 25 Desemba bila kupita kwenye hekalu la jua. Kuna wanaosema Kanisa liliiteka siku ya wapagani, na kuna wanaosema lilifika kwenye siku hiyo kwa hesabu hii. Sherehe nyingine ya Warumi inayotajwa sana, Saturnalia, ilianza tarehe 17 Desemba na hata iliporefushwa ilikwisha tarehe 23, kwa hiyo hata tarehe hazilingani. Mumeo anaruhusiwa kuamini maelezo ya kwanza. Asichoruhusiwa ni kuyasema kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, kisha akalijengea juu yake hukumu ya nani ameokoka.

Habari ya Pasaka kutoka Babeli ni dhaifu zaidi, na sitaikawilia. Ilienezwa katikati ya karne ya 19 na Alexander Hislop, mchungaji wa Uskochi, aliyeunganisha mambo ya mbali kwa sababu majina yalifanana masikioni: Easter, yaani Pasaka kwa Kiingereza, na Ishtar, mungu mke wa Babeli. Mtawa Mwingereza Beda aliandika mwaka 725 habari za Eostre, mungu mke wa Waingereza wa kale ambaye mwezi mmoja wa majira ya Pasaka uliitwa kwa jina lake, lakini wakati huo Wakristo wa Asia (jimbo la Kirumi, leo ni Uturuki), Rumi na Misri walikuwa wameadhimisha Pasaka kwa zaidi ya miaka 500, wakiipima kwa Pasaka ya Wayahudi. Na Yeremia 10, ukiisoma hadi aya ya 5, inazungumzia mti unaokatwa msituni, ukachongwa na fundi, ukapambwa kwa fedha na dhahabu, kisha ukabebwa kwa sababu hauwezi kutembea wala kusema. Hiyo ni sanamu. Mti wa Krismasi tunaoujua ulianzia katika nchi za Wajerumani kwenye karne ya 16, zaidi ya miaka 2,000 baada ya nabii huyo. Mumeo ni seremala. Msomee aya hizo taratibu na umwombe akueleze ni kazi gani ya mikono inayoelezwa pale. Nadhani ataitambua kabla yetu sisi tusiojua kushika randa.

Hata hivyo, sitaki ushinde kwa historia, kwa sababu ushindi wa namna hiyo hautulizi moyo. Tuseme kesho unapatikana waraka wa kale unaothibitisha kwamba tarehe 25 Desemba ilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwa waabudu jua. Je, kuimba kwako kungekuwa ibada ya jua? Mtume Paulo aliulizwa swali la jinsi hii na watu wa Korintho, na lao lilikuwa gumu kuliko lako. Nyama iliyouzwa katika soko la mji ule iliweza kuwa imetoka kwenye mahekalu, ambako mnyama alichinjwa mbele ya sanamu siku hiyohiyo. Haikuwa suala la mambo yaliyopita miaka 1,600. Jibu lake katika 1 Wakorintho 8 na 10 lina sehemu ambazo watu hupenda kuchagua moja na kuacha nyingine. Kukaa kwenye meza ya ibada ya sanamu alikataza kabisa. Kununua nyama sokoni aliruhusu, na akasema wasiulize-ulize kwa ajili ya dhamiri, kwa kuwa dunia ni ya Bwana na vyote viijazavyo. Lakini mwenzako mezani akikuambia kwamba nyama hii ilitolewa sadaka, uiache kwa ajili ya dhamiri yake huyo. Ukiyaweka hayo pamoja utaona kwamba kitu hakibebi ibada ya zamani kikaja nayo hadi kwako. Paulo anaangalia nani anaabudiwa sasa, na nani aliye karibu nawe ambaye anaweza kujeruhiwa.

Kwa hiyo mfano wa unga alioutoa mumeo ni mfano mzuri, ila unamgeukia. Mzee aliyemwaga unga chini ya mti alijua anazungumza na nani. Aliwaita marehemu wake kwa majina, akawaomba mvua au uzima wa mtoto, na unga ule ulikuwa wao. Usiku wa mkesha, katika kanisa lenu, ni jina la nani linaloitwa? Kama kuna hata mtu mmoja anayeliomba jua, mumeo ana haki ya kukuzuia, na mimi nitakuwa upande wake.

Ninyi wa Masasi mna historia yenu juu ya jambo hili, na nashangaa huwa haitajwi katika mabishano kama haya. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, pamoja na mapadri Waafrika waliokuwa wanaijua mila kutoka ndani, walilazimika kuamua kama kijana Mkristo wa Kimakua, Kiyao au Kimakonde aende jandoni au asiende. Jando lilikuwa na tohara, mafundisho ya utu uzima, nyimbo, na pia sadaka na dawa zilizohusu mizimu. Hawakulifuta na hawakulipokea lote. Sadaka kwa mizimu ziliondolewa, sala na mafundisho ya Kikristo yakawekwa, na vijana wakatoka wakiwa watu wazima mbele ya ukoo na mbele ya Kanisa. Kwa unyago wa wasichana kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi. Si wamisionari wote wa kusini walioona jambo hilo kwa jicho moja. Kulikuwa na waliolikataza moja kwa moja, nao walikuwa Wakristo wa kweli. Nakukumbusha haya kwa sababu inawezekana sana kwamba babu wa mumeo mwenyewe alipita katika jando la namna hiyo, na sidhani kama mumeo atasema babu yake alikufa mpagani.

Sasa nimgeukie mumeo kwa haki, maana huenda umefikiri ninamwandikia hati ya mashtaka. Asiposherehekea Krismasi, hatendi kosa lolote. Hakuna amri katika Agano Jipya inayotuagiza kuadhimisha kuzaliwa kwa Bwana kwa tarehe yoyote. Wapuritani wa Uingereza, watu walioipenda Biblia kupita kiasi cha wengi wetu, waliiona Krismasi kama anavyoiona yeye. Bunge lao liliifuta mwaka 1647, na wenzao wa Massachusetts, koloni la Waingereza huko Amerika, kuanzia mwaka 1659 hadi 1681, walimtoza mtu shilingi tano akikutwa anaisherehekea. Kukataa kwao naheshimu. Faini yao siwezi kuitetea, kwa sababu hapo waliichukua dhamiri yao wakaifanya sheria ya jirani. Mumeo naye amefika kwenye mpaka huohuo, na sentensi aliyouvukia ni ile ya kwamba anayesherehekea hajaokoka.

Warumi 14 imeandikwa kwa ajili ya nyumba kama yenu. "Mtu mmoja afanya tofauti kati ya siku na siku, mwingine aona siku zote kuwa sawasawa. Kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe." Sura hiyo inamkataza anayejizuia asimhukumu anayekula, na inamkataza anayekula asimdharau anayejizuia, kwa hiyo inamgusa mumeo kwa hukumu yake, nawe inakugusa siku utakayocheka video zake mbele ya wanakwaya wenzako. Kuna kisa cha kale kilichohifadhiwa na mwanahistoria wa Kanisa Eusebio, ambacho ningependa mumeo akisikie. Yapata mwaka 155, Polikarpo, askofu mzee wa Smirna katika jimbo hilo la Asia, alikwenda Rumi kwa Askofu Aniseti. Walitofautiana juu ya siku ya kuadhimisha Pasaka, wakazungumza, na hakuna aliyemshawishi mwenzake. Aniseti alimwachia Polikarpo aongoze Ekaristi katika kanisa lake mwenyewe, kisha wakaagana kwa amani. Miaka kama 35 baadaye Askofu Viktori wa Rumi alipotaka kuwatenga Wakristo wa Asia kwa tofauti ileile, Ireneo wa Lyon, ambaye kwa desturi ya siku alikuwa upande wa Viktori, alimwandikia kumkanya na kumkumbusha jinsi wale wazee wawili walivyoagana.

Inabaki dhamiri yako, ambayo umeitaja kwa maneno machache ingawa ndiyo ninayoiona nzito kuliko yote. Mtume anasema kila tendo lisilotoka katika imani ni dhambi. Ukiimba huku ukiamini kweli kwamba unaliimbia jua, usiimbe, hata kama mimi na padri wako tunakuambia hakuna ubaya. Lakini chunguza kinachokuyumbisha. Jiulize: kama mumeo angebadili mawazo kesho asubuhi, je, shaka yako ingebaki? Ikiwa ingeondoka siku hiyohiyo, basi hiyo ni hofu ya ugomvi, nayo haiwezi kukaa mahali pa dhamiri ikakuamulia. Ikiwa ingebaki, jipe muda, soma sura nilizokutajia, na ukae nje ya kwaya mkesha mmoja bila kuona aibu. Kutoimba mara moja hakumkani Bwana, wala hakuvunji ushirika wako na Kanisa.

Ukishathibitika moyoni kwamba unamwimbia Bwana, mwambie mumeo wazi, kabla ya siku yenyewe, tena bila watoto kuwapo. Usiende kwa siri ukisingizia ugonjwa wa shoga yako. Heshima ya mke kwa mume ninaiamini na sitaki kuipunguza, lakini Warumi 14 inasema kila mmoja wetu atatoa habari zake mwenyewe mbele za Mungu, na siku hiyo mumeo hataruhusiwa kujibu kwa niaba yako. Nawe pia usimlazimishe: usipambe nyumba tawi la mvinje mbele ya macho yake, usimwombe aje kukusikiliza, usiwafundishe watoto kumwona baba yao kuwa mtu wa ajabu. Kama atakuzuia kwa kufunga mlango au kwa mkono, jambo limetoka katika ushauri wa barua. Waite wazee wa pande zote mbili pamoja na mshenga wenu mara moja.

Katika suala la nguo za watoto, mimi niko karibu na mumeo kuliko unavyotarajia. Malipo ya korosho yanapoingia, miji yetu inajaa mitumba na madukani panajaa foleni, na Januari mzazi huyohuyo anakopa daftari na sare. Nguo za Krismasi si sehemu ya imani. Washoneeni za shule, na kama watavaa kitu kipya siku yoyote ya mwezi huo, sioni mungu jua atakayefurahi.

Jambo la mama yake silipimi hivyo. Kumtembelea mama mjane na kula jogoo aliyemfuga si sikukuu ya kipagani, na mumeo alipotumia uchaji wake kumkatalia mama chakula, aliingia katika kosa ambalo Bwana Yesu alilikemea katika Marko 7, pale watu walipotangaza mali yao kuwa Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwahudumie baba na mama. Jogoo yule alitolewa kwa sanamu ipi? Kama jibu ni hakuna, mama anadaiwa radhi, na mwana ndiye anayedaiwa kuitoa. Tarehe hainisumbui kabisa. Kama dhamiri ya mumeo haimruhusu kukaa mezani tarehe 25, nendeni Newala tarehe 28, au kabla, wakati wa kumsaidia kuokota korosho za mwisho. Wewe ukiwa umekwisha imba mkesha wako Masasi, yeye akiwa hajaadhimisha siku asiyoiamini, na bibi akiwa amewaona wajukuu wake.

Mweleze mumeo mpango huo mapema, wala usisubiri wiki ya Krismasi yenyewe. Akikubali, yeye ndiye ampigie mama simu, aombe radhi kwa maneno ya mwaka jana na kumtajia siku mtakayofika. Akikataa kuomba radhi lakini akakubali kwenda, usimbane zaidi kwa sasa. Piga wewe simu hiyo, yeye akiwa amekaa hapohapo anasikia.